Chumvi kwa Chaza

Mimi nina hasira za karibu. Dada yangu Umuhire husema mtu akinikanyaga, mimi huanza kupiga kelele kabla mguu wake haujatua. Nalisema hili mapema kwa sababu kelele zangu ndizo zilizoharibu mambo pale Kakiika, pembeni mwa mji wa Mbarara, kabla hata chumvi haijatajwa.

Mwaka wa 2014 nilikuwa namaliza masomo ya biolojia Mbarara, Uganda. Darasani mkimbizi nilikuwa peke yangu, mtoto wa mfugaji asiye na ng'ombe, kutoka kambi ya Nakivale. Mwalimu wangu, Daktari Musoni, alinipa kazi ambayo wenzangu waliikwepa wakicheka, kazi ya chaza. Chaza ni mnyama wa baharini anayeishi katikati ya magamba mawili, nje jiwe, ndani nyama laini. Wangu walitoka Mombasa kwa basi, wamefungwa kwenye magunia mabichi ndani ya sanduku la barafu, na abiria waliomba sanduku lihamishwe nyuma kwa ajili ya harufu. Mimi mwenyewe bahari sijawahi kuiona mpaka leo.

Swali langu lilikuwa hili. Mtu akiugua surua akapona, mwili wake humkumbuka adui, na adui akirudi anakuta watu wameshaamka. Chaza, kwa mujibu wa vitabu, hana kumbukumbu hiyo. Ana walinzi aliozaliwa nao tu, seli ndogo zinazotembea ndani ya damu yake isiyo na rangi. Zikikutana na kijidudu zinakizunguka na kukimeza. Kesho kijidudu kilekile kikija, kwake ni mgeni kabisa. Mimi nilitaka kujua kama ni kweli. Nusu ya chaza wangu niliwaonjesha vijidudu kidogo, nusu nikawaacha, kisha ningewapa wote vijidudu vingi na kuangalia ni walinzi wa nani wanaomeza upesi.

Maabara haikuwa na nafasi, kwa hiyo mabeseni yangu yalikaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba niliyopanga Kakiika kwa Mzee Kizito, mwenye ng'ombe wa maziwa. Chumba kilikuwa baridi. Nilichanganya maji na chumvi ya bahari ambayo Daktari Musoni aliiagiza pamoja na chaza, nikaweka alama kwa rangi mahali maji yanapotakiwa kufika. Kizito alikuwa akichungulia dirishani kila asubuhi.

"Wewe Ishema," aliniambia, "hizo konokono za wewe zinakula nini? Mimi sijaona zinakula."

"Zinakula maji, sebo," nikamjibu, yaani bwana kwa lugha ya kwao.

"Basi ni ng'ombe mzuri," akasema, akaenda kukamua wa kwake.

Mwezi wa sita Papa alikuja kutoka Nakivale kutibiwa goti. Baba yangu, Mutabazi, alikuwa na ng'ombe wengi huko kwetu Kongo, kwenye milima ya juu ya Uvira. Nakivale hakuwa na hata mbuzi. Tangu tulipotoka Kabazana, pale wanapopokelewa wageni, tukapewa kiwanja chetu, yeye hulima mahindi kwa sura ya mtu anayemlimia jirani. Siku akiwa na nafasi huenda barabarani kutazama ng'ombe wa wenyeji wakipita, kisha hurudi shambani.

Jumamosi moja nilimpeleka maabara. Nilitoboa pembeni mwa gamba la chaza mmoja, nikavuta tone la damu kwa sindano, nikaliweka chini ya hadubini. Papa alifumba jicho moja, akainama. Alikaa hivyo mpaka nikahisi mgongo unauma kwa niaba yake.

"Banatembea," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo.

"Ndio walinzi, Papa. Nimewawekea adui. Subiri uone."

Akasubiri. Akaona mmoja anatoa miguu yake isiyo miguu, anamfunika adui, anammeza. Papa alicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akicheka na meno.

"Na kesho adui akirudia, huyu atamutambua?"

"Vitabu vinasema hapana. Akipona, amesahau."

"Amesahau kila kitu?"

"Kila kitu."

"Iko na bahati," akasema Papa, akainuka, akashika goti lake.

Wiki iliyofuata nikaitwa Kampala kujifunza mashine ya kuhesabia seli. Papa alisema atabaki na chaza. Sikuwa na wasiwasi, na hapa ndipo roho inaponiuma. Ningeweza kumkalisha chini nikamweleza. Ningesema, Papa, maji yakipungua, yanayoondoka ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji ya mvua matupu mpaka kwenye alama. Maneno machache hayo. Lakini nilikuwa na haraka ya basi, na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilidhani mzee hataelewa. Nikatania. Nikamwambia, "Wachunge tu kama ng'ombe wako, Papa."

Basi akawachunga kama ng'ombe wake.

Niliporudi nilisikia harufu tangu getini. Chaza wakiwa hai, ukigonga gamba hulifunga. Niligonga mmoja, kimya. Nikagonga wa pili, wa tatu, nikahamia beseni jingine. Vinywa vyote wazi. Ukingoni mwa mabeseni kulikuwa na mstari mweupe, na kando ya mlango kopo la chumvi ya ng'ombe, ile ya mawe ya kijivu, limefika nusu. Papa alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake.

"Walikuwa banakunywa muzuri sana," akasema. "Maji yanashuka kila siku. Leo ndiyo naona bamechoka."

Nikapiga kelele. Sitaandika yote. Nilisema, "Nani aligusa haya maji? Nani?" ilhali tulikuwa wawili tu mle ndani. Nilisema mwaka wangu umekwenda na maji. Nilisema nitarudi Nakivale kulima mahindi kama, na hapo nikanyamaza, lakini neno lililobaki lilionekana. Papa alitoa kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, kama watu wanavyosimama ofisini.

Wakati huo Umuhire akaingia. Alikuwa ametoka gulio la Rugaaga na maharage yake, akapitia kumwona Papa. Alitazama mabeseni, akatazama kopo, akanishika mkono juu ya kiwiko. Dada yangu ana vidole vya mtu aliyelea watoto wasio wake. Akanivuta mpaka nyuma ya zizi la Kizito.

"Hasira hasara, Ishema. Umemwambia ni chumvi?"

"Bado. Lakini ni chumvi! Mtu gani anaweka..."

"Punguza sauti. Hutamwambia."

"Kwa nini?"

Akatazama chini. Ng'ombe mmoja wa Kizito alikuwa anamlamba kiwiko, wala hakumsukuma.

"Unajua Papa alikuwa wapi siku mama alipokufa?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni shangazi kunibana mdomo kwa kiganja, porini, na kiganja kunuka moshi. Nyumbani kwetu siku hiyo haikuulizwa.

"Alishuka sokoni kununua chumvi ya ng'ombe," akasema Umuhire. "Watu walimwambia njia si nzuri siku hizi, usiache nyumba. Akasema ng'ombe wanakonda, naenda na kurudi. Watu wenye silaha wakaja akiwa huko. Alirudi kesho yake na mfuko begani, akakuta vile alivyokuta. Tangu siku hiyo, Ishema, mkono wake haujashika chumvi ya ng'ombe. Miaka yote hii. Hata Nakivale, jirani alipomwomba amsaidie kulambisha ng'ombe, alisema mgongo unamuuma. Leo ameishika. Unaelewa ameishika kwa sababu gani? Kwa sababu ya vile vidudu vyako. Alisahau. Alifurahi mpaka akasahau. Sasa wewe nenda ukamwambie chumvi imeua tena."

Nilitaka kukaa chini, lakini chini kulikuwa na samadi.

"Ni mimi niliyemwambia awachunge kama ng'ombe," nikasema.

"Basi jiambie wewe. Yeye mwache."

"Na yeye hajui mama... mama alikufaje?"

"Mimi ndiye niliyebaki na mama. Papa nilimwambia alikufa palepale. Kwamba hakuteseka. Akasema sawa." Alifuta kiwiko kwa kanga. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ningemwambia nini?"

Kwa jinsi alivyolisema nikajua kwamba haikuwa hivyo.

Tukarudi. Nikamwambia Papa kwa sauti niliyojaribu kuilainisha, "Samahani kwa kelele, Papa. Ni joto. Na ile safari ya basi iliwadhoofisha tangu mwanzo."

"Joto," akasema Papa.

"Ndiyo, Papa."

"Humu ndani iko baridi."

"Mchana linaingia kidogo," akadakia Umuhire.

Papa akavaa kofia yake. Alasiri ile nilichukua lile kopo la chumvi nikalisukuma chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu.

Chaza mmoja alikuwa bado anafumba gamba, taratibu, kama mzee anayesinzia kanisani. Nilimpeleka maabara. Walinzi wake walikuwa mviringo, wamejikunja, hawatoi miguu. Hapo nikaelewa vizuri kilichotokea. Chumvi haikuwaua yenyewe. Iliwachosha walinzi. Ndani ya chaza mzima huishi vijidudu siku zote bila kumdhuru, kwa sababu walinzi wapo. Maji yalipokolea, walinzi wakalegea, vijidudu vikazaana. Nilipomweleza Daktari Musoni, aliniuliza aliyeongeza chumvi ni nani. Nikasema ni mimi, nilikosea kipimo. Akasema ataagiza chaza wengine mara moja tu, na kwamba wakifa hao nitafute kazi nyingine ya kufanya na mwaka mwingine wa kuifanyia. Mwaka mwingine sikuwa nao. Waliokuwa wananilipia masomo walikuwa wameshasema huu ndio wa mwisho.

Kwa hiyo chaza wa pili walipokuja, nilifunga chumba cha nyuma kwa kufuli.

Niliona ni busara. Papa hajui kosa, asiyejua kosa atalirudia, na siwezi kumwonya bila kumwambia. Basi kufuli. Asubuhi ya kwanza alienda na fimbo yake kuwaamkia, akaikuta kufuli, akaishika, akaiacha. Hakuuliza ufunguo. Alichukua kigoda akakaa nje ya mlango ule, goti limenyooshwa, akawa anakaa hapo kila siku. Nikienda chuo namwacha hapo, nikirudi namkuta hapo. Alikuwa ananisalimu vizuri. Chakula nilikuwa nakimeza bila kukisikia ladha, na nikimpa sahani yake siwezi kumtazama usoni. Nilikuwa nimemfungia baba yangu mlango, na sababu nilikuwa nayo chini ya kitanda.

Kizito ndiye aliyekaribia kuharibu. Alikuja akasimama kwenye jua, akaniambia mbele ya Papa, "Ishema, Mzee hapana leta kopo yangu ya chumvi. Nilimpa ya kusaidia konokono."

"Nitakununulia nyingine, sebo," nikasema haraka.

"Aa, kwani hiyo imeenda wapi?"

Papa alikuwa anachora kitu mavumbini kwa ncha ya fimbo. Hakuinua kichwa.

Jumamosi Umuhire akaja tena, siku ya kupima. Nusu ya chaza wa pili walikuwa wameshaonja vijidudu, na jioni ile ningewapeleka wote maabara kwa jaribio lenyewe. Nilikuwa nimeshika ufunguo. Papa akainuka kwenye kigoda.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Nilidhani nitaingia mwenyewe kwanza, lakini alinipita. Umuhire akaingia nyuma yetu na mfuko wake wa maharage bado kichwani. Papa alitazama mabeseni moja moja. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama kwa unene wa kidole. Akatoka nje akichechemea kwa ajili ya goti, na tukasikia bomba la pipa la maji ya mvua. Akarudi na jagi. Niliona midomo ya dada yangu ikifunguka.

Papa akamimina. Polepole, ukingoni, mpaka maji yakagusa alama. Akaenda beseni la pili, akafanya vilevile. Jagi lilipokwisha akalishikilia kifuani.

"Maji matupu," akasema. "Si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikusoma, lakini siko mujinga, batoto bangu. Kama joto ndilo liliua, mungeficha kopo ya nini? Mutu anaficha kisu kilichoua. Fimbo yangu hamukuificha."

"Papa," nikasema, "ni mimi. Nilikuambia uwachunge kama ng'ombe. Sikukueleza."

"Ulisema hivyo. Lakini mukono ulikuwa wangu." Akaweka jagi chini. "Ng'ombe naye ukimuzidishia chumvi anakufa. Nilijua hiyo tangu niko mutoto. Nilikuwa naona tu bananywa, nikafurahi. Nikaongeza. Mutu akifurahi sana haangalii."

Umuhire alitua mfuko. Alikuwa analia tayari, bila sauti, kama anavyolia yeye, akikunja uso kwa hasira.

"Tulitaka usiumie," akasema.

"Najua. Wewe hiyo ndiyo kazi yako tangu zamani." Hakulisema kwa ukali. Aliketi juu ya ndoo niliyoigeuza iwe kiti, akanyoosha goti. "Umuhire. Mutu aliyekufa palepale, nani anamufunga kidonda?"

Dada yangu akawa kama amepigwa.

"Mama yenu nilimukuta amefungwa kitenge tumboni. Mafundo mawili. Fundo la mutoto, la kukaza sana. Nilikifungua mwenyewe, kabla ya kumuzika. Wewe ukaniambia alikufa palepale. Nikaona vidole vyako vina damu mpaka kwenye kucha, nikasema sawa. Nilisema, huyu mutoto amebeba vya kutosha, siwezi kumuuliza. Nikangoja utaniambia ukikua. Ukakua. Ukaolewa, ukazaa, ukawa mukubwa. Na mimi nikaogopa kuuliza. Hiyo ni kosa yangu, si yako." Akainua macho. "Aliishi mpaka lini?"

Umuhire alinitazama mimi, kama kwamba mimi ningemsaidia. Nilimshika mkono. Nilikuwa sina kingine.

"Mpaka asubuhi," akasema.

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema."

Papa alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Kofia yake ilikuwa mkononi tena, akiizungusha kwa ukingo. Nje ng'ombe wa Kizito walikuwa wanaitwa kukamuliwa. Nilitamani aseme basi, imetosha, na pia nilijua hatasema hivyo. Miaka kumi na minane alikuwa amejipangia jibu, na nadhani alilipanga lile baya kuliko yote, la mke anayeita jina lake na kumlaani kwa kuacha nyumba. Hata mimi nililingoja hilohilo.

"Aliniuliza niko wapi?"

"Hakuuliza. Alijua uko wapi." Umuhire alifuta pua kwa kiganja. "Usiku mvua ilianza. Mvua kubwa, Papa, unaikumbuka. Yeye akawa anasikiliza ile mvua. Akasema, baba yenu yuko njiani na chumvi. Akasema natumaini atapata fasi ya kujificha, chumvi isilowe. Akarudia hivyo. Mpaka mwisho alikuwa anasema hivyo tu, isilowe, isilowe. Nilishindwa kukuambia. Ulikuja na ule mfuko begani, ukautua mlangoni, nikashindwa."

Mmoja wa chaza alifunga gamba lake ndani ya beseni, na maji yakacheza kidogo. Kisha Papa akavaa kofia, akaiweka sawa, akamtazama binti yake.

"Haikulowa," akasema. "Niliifunika na koti yangu."